Mbegu si Mkopo

Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kina mpango uitwao Bio-X. Tangu mwaka 2000 hutoa fedha za kuanzia utafiti kwa makundi ya wanazuoni wa fani mbalimbali: daktari na mhandisi, mwanabiolojia na mtaalamu wa kompyuta. Kundi huweza kupata hadi dola 200,000 kwa miaka 2. Mfadhili wa nje hutaka kwanza aone matokeo ya awali, na matokeo hayapatikani bila fedha. Basi chuo huamini kabla ya kuona.

Lakini wasimamizi hujivunia kwamba fedha hizo zimevuta kutoka nje zaidi ya mara 10 yake. Sifa hiyo hunitia shaka. Je, ndugu msomaji, daktari na mhandisi waliofanya kazi kwa uaminifu wakakuta wazo lao halifai, wamekula mali ya chuo? Nasema hapana. Katika ualimu niliwaona wanafunzi wengi wakichagua swali jepesi kwa kuogopa alama, na wanazuoni nao ni watu. Heri waulizwe kama kweli walitafuta pamoja, au waligawana fedha mlangoni, kila mtu akarudi maabarani kwake. Hao wa pili ndio wa kudaiwa, hata kama baadaye walileta mamilioni.