Mkono Unaotaka

Mtu anataka kunyanyua kikombe, anajaribu kwa nguvu zake zote, mkono unabaki palepale. Je, amefanya kitu au hajafanya? Hapa Cibitoke (nasema ile ya Bujumbura, si ule uliokuwa mkoa) wengi watajibu haraka: hajafanya. Kiharusi kikimpata mtu, miezi ya kwanza tunasema pole. Baadaye tunanong'ona: "Yule mama hajitahidi."

Kuna mashine inayotupinga. Inaitwa IpsiHand. Marekani waliiruhusu Aprili 2021 kwa watu wazima waliopata kiharusi miezi 6 au zaidi iliyopita. Mgonjwa hapasuliwi, anavaa kitu kichwani chenye kunasa umeme mdogo wa ubongo. Akikusudia kufungua vidole, kusudi lile linasomwa kutoka upande wa ubongo ambao haukuumia, na kifaa kilichofungwa mkononi kinavifungua. Kabla ya ruhusa ilijaribiwa kwa watu 40, wiki 12. Si wengi, na sitaki mtu auze shamba akaitafute.

Kilichonishika mimi si umeme. Ni kwamba mashine inasubiri. Mgonjwa asipotaka, haisogei. Nia na tendo vinakutana papo hapo, na hivyo ndivyo ubongo unavyofundishwa upya.

Sisi je? Jirani yangu, mama aliyevuka kutoka Uvira, amepooza mkono wa kuume. Siku moja ya kugawa msaada kijana alikamata kidole gumba chake, akakichovya kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi. Haraka tu, bila ubaya, na jua lilikuwa kali. Lakini bega la mama lilikuwa limeanza kusogea. Nililiona.

Ninyi mlio Musasa au Bwagiriza mtaniambia foleni nzima haiwezi kusubiri bega moja. Kweli, na jibu la foleni sina. Ila nyumbani foleni hakuna, na hata huko watoto wake wanamvalisha, wanamlisha kabla hajafungua kinywa. Kwa upendo kabisa, basi ndiyo maana ni vigumu kuwagombeza. Binti yake aliniambia, "Papa, tukimsubiri tutachelewa." Kuchelewa wapi, hakusema.

Nikamuuliza mama mwenyewe angependa asubiriwe kwa jambo gani. Nilidhani atasema kikombe. Akasema kitambaa cha kichwa. Anataka kujifunga mwenyewe, hata kama ni asubuhi nzima.