Je, Chombo Hurithi Hatia?



Tumezoea kuuliza habari za matendo: ni nani aliyetenda, alikusudia nini, alijua nini. Leo tuulize habari za vitu. Antena iliyo juu ya paa, simu ya mkononi, mwanga mwembamba ambao madaktari hutibu nao macho: vitu hivi, au baadhi ya sehemu zake, vilivumbuliwa au vilikuzwa kwa fedha za majeshi. Vita vilivipokea kabla ya amani. Ndipo lazaliwa swali: Je, mtu mwenye dhamiri safi aweza kutumia chombo kilichokuzwa kwa ajili ya kuua? Chombo hurithi hatia ya yule aliyekilipia?

Wako wanaojibu mara moja, ndiyo au la. Sisi tutangulize kujua mambo yalivyokuwa, kisha tupime. Mwamuzi asiyesikia habari yote huhukumu kwa kubahatisha.

I. Fito za Yagi

Katika mwaka 1926, huko Sendai katika nchi ya Japani, walimu wawili wa chuo kikuu, Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda, walieleza antena ya namna mpya. Ilikuwa fito chache za madini zilizopangwa sambamba. Ufito mmoja tu wafungwa waya. Ule ulio nyuma yake, ulio mrefu kidogo, hurudisha mawimbi ya redio mbele kama kioo kirudishavyo mwanga. Zile zilizo mbele, fupi kidogo, huyaongoza yaende upande mmoja. Hivyo nguvu ndogo hufika mbali, kwa kuwa haitawanyiki ovyo.

Jeshi la nchi yao halikuijali sana antena ile. Lakini Waingereza na Wamarekani waliitwaa na kuitia katika rada. Rada ni nini? Mtu akipaza sauti mbele ya mlima, mwangwi humrudia. Naye akihesabu muda, aweza kukadiria mlima uko mbali kiasi gani. Rada hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio: huyatuma, huyangoja yarudi, nayo yajulisha ndege au merikebu iko wapi, hata usiku, hata katika mawingu. Robert Watson-Watt na mwenziwe walionyesha katika Uingereza, mwezi wa Februari 1935, kwamba ndege yaweza kutambuliwa hivyo. Mwaka 1940 minara ya rada ya pwani iliwapa Waingereza habari za ndege za Wajerumani kabla hazijafika.

Mwezi wa Februari 1942 Singapore ilitekwa na Wajapani. Katika karatasi walizozikuta mlikuwa na maelezo ya rada ya Waingereza, na neno moja likarudiwa mara nyingi: Yagi. Wajapani hawakulielewa. Wakamwuliza mfungwa, naye akawaambia kwamba ni jina la profesa, Mjapani mwenzao, aliyetengeneza antena ile.

Habari haikuishia hapo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa juu ya Hiroshima. Lilipaswa kulipuka likiwa bado angani, mita karibu 600 juu ya mji. Kwa kazi hiyo lilifungwa rada ndogo za kupima umbali wake na ardhi, na antena za rada hizo zilikuwa za Yagi. Watu waliokufa hata mwisho wa mwaka ule hukadiriwa kuwa 140,000. Chombo kilichotoka katika chuo cha Japani kilirudi kwao kwa njia ile.

Nasi wa Kongo hatuwezi kuisoma habari hii kama ya watu wengine. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu yale ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Mwaka 1940 kampuni ya madini ilikuwa imekwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Mchimbaji aliyeyatoa ardhini hakuambiwa yatafanya kazi gani. Wazee walisema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zilitumiwa, nazo hazikujua.

Leo fito zilezile za Yagi zasimama juu ya mapaa katika miji mingi duniani, nazo huwaletea watu televisheni.

II. Jibu la kwanza: "Kitu hicho ni najisi"

Wengine husema: "Kilichotoka katika damu kina damu. Mtu mwema akiache." Maneno haya yatoka katika moyo mzuri, maana hayataki kusahau waliokufa. Lakini tuyapime.

Fito za Hiroshima na fito za juu ya paa zina umbo moja na kanuni moja. Kama uovu ungekaa ndani ya fito, ungekaa pia juu ya paa, na mtoto anayetazama picha angeshiriki mauaji. Hakuna mwenye akili asemaye hivyo. Hatia haikai katika madini wala katika mawimbi. Hukaa katika nia: katika mtu ajuaye, atakaye, na atendaye. Mhunzi hufua jembe na mkuki kwa chuma kimoja na moto mmoja. Mtu akiuawa kwa mkuki, hatuukamati moto.

Basi jibu la kwanza halisimami. Chombo hakirithi hatia kama mtoto arithivyo shamba.

III. Jibu la pili: "Chombo ni chombo tu"

Wengine hufurahi wakisikia hayo, wakasema: "Vema! Chombo hakina lolote. Mwenye kuulizwa ni anayekishika tu." Hapa nasi tusimame kidogo, kwa kuwa jibu hili ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hudanganya kuliko uongo mzima.

Tutazame mwanga uitwao leza. Katika taa ya kawaida mwanga hutoka kama watu watokavyo sokoni, kila mtu na njia yake. Katika leza, mawimbi ya mwanga huenda pamoja kama wapiga kasia wa mtumbwi mmoja, wote kwa mapigo mamoja. Kwa hiyo mwali haupanuki upesi, nao waweza kukusanywa mahali padogo kuliko punje ya mchanga. Wazo la asili lilitolewa na Albert Einstein mwaka 1917. Mwaka 1951 Charles Townes alikuwa Washington kwa mkutano wa kamati ya jeshi la majini la Marekani; asubuhi moja, akiwa ameketi katika bustani, alipata njia ya kulitimiza wazo hilo kwa mawimbi mafupi ya redio. Chombo chake kilifanya kazi mwaka 1954, katika maabara iliyolipiwa na majeshi. Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa jiwe la yakuti jekundu, katika maabara ya kampuni iliyotengeneza vyombo vya jeshi.

Mtu mwingine, Gordon Gould, alikuwa ameandika mawazo yake juu ya leza tangu 1957. Mwaka 1959 kampuni yake iliomba kwa wizara ya ulinzi dola 300,000. Ikapewa karibu milioni moja. Lakini kazi ikafanywa kuwa siri, na kwa sababu ya siasa zake za zamani Gould mwenyewe akakatazwa kuingia katika kazi iliyotoka kichwani mwake. Fedha ilifungua mlango mpana, kisha ikabaki na ufunguo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa setilaiti za Marekani zinazowaonyesha watu mahali walipo. Jeshi ndilo lililozirusha, ya kwanza mwaka 1978. Hata tarehe 2 Mei 2000 alama iliyotolewa kwa raia iliharibiwa kidogo kwa makusudi, ili wasijue mahali kwa usahihi kama askari.

Twajifunza nini? Kwamba mfuko wa fedha si bubu. Kwanza, huchagua swali: palipo na fedha ya kutafuta ndege ya adui, watu wenye akili huitafuta ndege, ugonjwa wa maskini hungoja. Pili, huchagua nani ajue na nani asijue. Tatu, huharakisha: lililohitaji miaka thelathini hufanywa kwa mitano, wala hakuna nafasi ya kuuliza kama lafaa. Kwa hiyo chombo hakina hatia, lakini njia iliyokileta inayo historia, na wale walioichagua wataulizwa juu yake.

IV. Jibu la tatu: "Basi vita vimeleta mema"

Liko jibu la hatari zaidi. Husema: "Bila vita tusingalikuwa na vyombo hivi. Kwa hiyo vita vina faida yake."

Tazameni miaka. Antena ya Yagi ni ya 1926. Wazo la Einstein ni la 1917, nalo halikutoka katika kutafuta silaha. Mbegu zilikuwamo. Jeshi lilileta maji mengi na mbolea nyingi, wala mbegu haikutoka kwake. Maji yaleyale yangaliweza kutoka katika kisima kingine, kama mataifa yangalitaka kutoa kwa ajili ya uhai kile walichotoa kwa ajili ya vita.

Tena, wema ufuatao uovu haugeuzi uovu kuwa wema. Mtu akinyang'anya shamba la mjane, akapanda migomba, na katika njaa wajukuu wa mjane wakala ndizi zile, tutasema ndizi ziliwaponya. Lakini hatutasema kwamba unyang'anyi ulikuwa zawadi. Ndizi ni jambo moja, na unyang'anyi ni jambo jingine. Mgonjwa anayepona macho kwa leza haungi mkono bomu lolote, wala uponyaji wake si malipo ya waliokufa.

V. Basi nani ana wajibu, na kwa kiasi gani?

Kanuni ya zamani yatufaa: wajibu hupimwa kwa ujuzi na uhuru. Tuulize mambo matatu. Alijua? Aliweza kukataa? Alipojua, alifanya nini?

Mchimbaji wa Shinkolobwe hakujua, wala katika utawala ule wa wageni hakuwa huru kama mtu anayechagua kazi yake. Hana hatia ya Hiroshima. Wenye kuficha habari walibeba na sehemu yake.

Joseph Rotblat, mtaalamu mzaliwa wa Poland, alijua. Aliingia katika kazi ya bomu la atomiki kwa kuhofu kwamba Wajerumani wangelitengeneza kwanza. Mwishoni mwa 1944 aliposikia kwamba hawalitengenezi, aliona sababu yake imekwisha, akaondoka. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuelekeza elimu ya atomiki katika matibabu na kupinga silaha hizo. Mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye mmoja hakuzuia bomu. Lakini alionyesha kwamba neno "nimelipwa" si mwisho wa mazungumzo na dhamiri.

Je, walio wengi waweza kufanya lolote? Waweza. Leza hutibu jicho: mwaka 1961, huko New York, mwali wake uliharibu uvimbe ndani ya jicho la mgonjwa. Lakini leza yaweza pia kulipofusha jicho la askari kwa nukta moja, na watu walianza kufikiri silaha za namna hiyo. Tarehe 13 Oktoba 1995, huko Vienna, mataifa yalipatana kukataza silaha za leza zilizotengenezwa ili kupofusha watu daima; mapatano hayo yakaanza kutumika tarehe 30 Julai 1998. Mkono ulizuiwa kabla ya vita kujaa vipofu. Mwanga haukukatazwa, nia mbaya ndiyo iliyokatazwa. Hapo sheria ilipambanua vema.

VI. Neno kwetu

Twaweza sasa kujibu. Mtu aweza kutumia chombo kilichokuzwa kwa vita, bila hatia, akikitumia kwa mema. Walakini anadaiwa mambo mawili. La kwanza ni kukumbuka: asiseme kwamba kimeshuka bure kutoka mbinguni, wala asiwasahau walioumizwa nacho. La pili ni kuuliza: kazi yangu ya leo yaenda wapi?

Hilo la pili latugusa karibu. Katika mawe ya koltani ya Kivu mna madini ya tantali, ambayo huwekwa katika simu na vilevile katika vyombo vya majeshi. Na vikundi vya wenye bunduki vimejipatia mali kwayo. Babu zetu wa Shinkolobwe hawakuambiwa. Sisi twaweza kuuliza: nani anunua, kwa fedha gani, na nani ashika bunduki kando ya shimo? Mwenye njaa na watoto huenda asiweze kukataa kazi hiyo, wala tusimhukumu kwa ukali. Lakini mwenye nafasi ya kujua, akafumba macho ili asijue, hawezi kujitetea kwa ujinga alioutaka mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini hatia haikai katika fito za antena, bali katika nia ya watu?
2. Mfuko wa fedha huamua mambo gani kabla chombo hakijatengenezwa?
3. Mchimbaji wa Shinkolobwe na Joseph Rotblat wanatofautiana wapi katika ujuzi na katika uhuru?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ambayo watu huifanya bila kuuliza yaenda wapi? Ni nani angepaswa kuuliza kwanza?