Seli Zilizochoka na Heshima ya Uzee

Mwaka 1961, katika taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa ndani ya chupa hujigawa mara hamsini hivi, kisha husita. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini, wakimfuata Alexis Carrel, kwamba seli ikilishwa vizuri haichoki wala haifi. Hayflick aliaga dunia mwaka 2024 akiwa na miaka 96, na ugunduzi wake umezaa swali ambalo sisi, watu wa kuwaamkia wazee, hatuna budi kulitazama.

Seli zilizosita si lazima zife. Nyingi hubaki mwilini zikitoa kemikali zinazoleta uvimbe na kuziharibu seli jirani, na kadiri umri unavyosonga ndivyo zinavyorundikana: magotini, mapafuni, kwenye mishipa ya damu. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliziondoa katika panya waliofanywa wazeeke upesi, na baadhi ya maradhi ya uzee yakachelewa. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba hata panya wa kawaida waliishi zaidi, tena kwa afya. Tangu hapo dawa inatafutwa kwa bidii.

Magazeti ya huku yameziita seli hizo mazombi. Hazifanyi kazi, hazitaki kufa, zinawasumbua wenzao, basi ziondolewe! Hapo ndipo tunaposhtuka kidogo. Wengi wetu hapa Uingereza tunapata riziki katika nyumba za kutunzia wazee, na maneno ya namna hiyo tumeyasikia yakisemwa juu ya mtu aliyelala kitandani, tena na watu wake mwenyewe. Seli ipo kwa ajili ya mwili, kwa hiyo yafaa kuuliza ina faida gani. Mzee hayupo kwa ajili ya chochote kingine, na swali hilo kwake ni matusi. Na hata kwa seli, hukumu ya haraka ina hatari: hizo hizo husaidia kufunga vidonda, na kule kusita kwao huzuia seli iliyoharibika isigeuke saratani.

Je, ni kosa basi kutaka kuutibu uzee? Wako wanaosema hiyo ni kazi ya Mungu, tusiiingilie. Wasomaji wetu Waislamu watakumbuka hadithi iliyomo katika Sunan Abi Dawud, inayohimiza watu watafute tiba kwa kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Ajabu yake ni kwamba uzee umehesabiwa humo kuwa ugonjwa, ila hauna dawa. Sisi tunaona njia ya kupita katikati. Shikamoo yetu hatuyapi magoti yanayouma wala pumzi inayokatika ngazini, tunampa aliyetutangulia. Akiondolewa maumivu, heshima yake haipungui hata chembe. Kutaka asife kabisa ni jambo jingine, na panya wale hawakuahidi hilo.

Wako pia wanaotuuliza kama wawapelekee wazazi nyumbani vidonge vya kwasetini, kitu kilichomo hata kwenye vitunguu, ambacho hujaribiwa pamoja na dasatinibu, dawa ya saratani ya damu. Jaribio la mwaka 2019 kwa wagonjwa wa makovu ya mapafu lilikuwa na watu 14 tu, bila kundi la kulinganishia. Mwaka 2020 dawa nyingine ya aina hiyo, iliyodungwa katika magoti yaliyolika, haikuishinda sindano isiyo na dawa. Kwa sasa jibu letu ni hapana; fedha hiyo inunue vidonge vya presha, ambavyo mama ameandikiwa na daktari na pengine anavigawa nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi.