Ngozi juu ya Ngozi

Katika lugha yetu neno ngozi lina kazi mbili. Ni ngozi ile tuliyozaliwa nayo, isikiayo baridi na joto, na kutoka damu ichanwapo. Na ni ngozi ya mnyama aliyekwisha kufa, iliyokaushwa, ikalainishwa, ikashonwa kiatu, mkoba au koti. Lugha nyingine hutenga vitu hivi viwili kwa majina mawili. Sisi tumevitia katika jina moja, na mimi nimeiona faida ya umaskini huo, kama ni umaskini, kila nisomapo habari za polisi wa siri wa Urusi. Maana historia yao, kwa upande mmoja, ni historia ya watu waliovaa ngozi juu ya ngozi. Na swali nitakalo kulichungua hapa ni hili: mtu avaapo vazi la kazi, akatenda ndani yake jambo ambalo asingalilitenda katika nguo zake mwenyewe, tendo hilo ni la nani?

Vazi la kutisha halikuanza na ngozi. Mwaka 1565 Tsar Ivan wa Nne aliunda kundi la watumishi walioitwa oprichniki. Walivaa nguo nyeusi mfano wa watawa, na katika matandiko ya farasi wao walitundika kichwa cha mbwa na ufagio: mbwa wa kunusa na kung'ata wahaini, ufagio wa kuwafagilia mbali. Mwaka 1570 walikwenda Novgorod wakaua watu wengi, na baada ya miaka miwili kundi lenyewe likavunjwa. Karne mbili na nusu zikapita, na Tsar Nicholas wa Kwanza akaanzisha Idara ya Tatu mwaka 1826. Polisi wake wa kijeshi, waliojulikana kwa jina la majandarme, walivaa buluu nyepesi, rangi ya mbingu asubuhi. Rangi isiyo na kosa lolote, mpaka watu walipojifunza kuiogopa. Walikuwapo pia wapelelezi waliovaa kiraia, lakini raia waliwatambua, hata "koti la rangi ya njegere" likawa ndilo jina la mpelelezi. Msomaji wa pwani hatashangaa. Sisi nasi tulimwita polisi asiyevaa sare askari kanzu. Tulimpa kwa jina vazi lile lile alilotaka limfiche.

Ngozi ilikuja na mapinduzi. Tarehe 20 Desemba 1917 Wabolsheviki waliunda tume ya kupambana na wapinzani wao, iliyojulikana kwa kifupi cha Cheka, wakamweka juu yake Felix Dzerzhinsky, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya kibwana ya Kipoland na kukaa miaka mingi katika magereza ya Tsar. Yeye mwenyewe alipenda kuvaa kabuti refu la askari wa kawaida. Walakini watu wake, na makomisaa wa chama kadhalika, walivaa makoti ya ngozi nyeusi. Sababu ya kwanza haikuwa ya ajabu: makoti hayo yalikuwa katika bohari za jeshi la zamani, yameshonwa kwa ajili ya madereva wa magari na warusha ndege. Sababu ya pili hutajwa mara nyingi, nayo ni chawa. Miaka ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe homa kali iletwayo na chawa iliua watu kwa wingi katika Urusi, na mdudu huyo hujificha vizuri katika sufu, lakini katika ngozi laini hapati pa kushika.

Basi koti lile lilianza kama jambo la busara tu. Lilizuia upepo, mvua na chawa. Lakini vazi likivaliwa na watu wa namna moja, wakifanya kazi ya namna moja, usiku kwa usiku, halikai muda mrefu kuwa nguo. Boris Pilnyak, katika riwaya yake ya *Mwaka Mtupu* iliyotoka mwaka 1922, aliwaita Wabolsheviki kwa makoti yao, nao akawapamba kwa namna ya kustaajabia nguvu na nia yao. Pilnyak huyo alikamatwa na polisi wa siri mwaka 1937, na mwaka uliofuata akapigwa risasi. Cheka ilikuwa imekwisha badili jina mara kadhaa. Wakati huo iliitwa NKVD, na watu wake walikuwa na sare rasmi iliyokwisha pangwa tangu 1935: kofia ya buluu yenye utepe mwekundu wa damu ya mzee. Buluu ya majandarme ilikuwa imerudi. Sijui kama waliochagua rangi hiyo walikumbuka.

Sasa nitakaa kidogo katika mji mmoja, maana swali langu liko huko.

Tarehe 5 Machi 1940 viongozi wakuu wa chama katika Moscow walikubali pendekezo la Beria, mkuu wa NKVD, kwamba maelfu ya wafungwa wa Kipoland wauawe bila kuitwa mbele ya hakimu. Jumla ya waliouawa, kwa hesabu ya Wasovieti wenyewe iliyoandikwa mwaka 1959, ni 21,857. Wale wa kambi ya Ostashkov, zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa polisi na walinzi wa mipaka, walipelekwa katika mji wa Kalinin, ambao leo umerudishiwa jina lake la zamani la Tver. Mkuu wa NKVD wa mji huo alikuwa Dmitry Tokarev. Kutoka Moscow alikuja Vasily Blokhin, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kuua wale ambao dola imeamua wafe.

Tokarev aliishi maisha marefu. Mwaka 1991, akiwa mzee sana, alihojiwa na mwendesha mashtaka wa jeshi, akaeleza aliyoyaona. Wafungwa waliingizwa mmoja mmoja katika chumba walichoulizwa majina yao na mwaka wa kuzaliwa. Kisha walitiwa pingu, wakapelekwa chumba cha pili ambacho kuta zake ziliwekewa vitu vya kuzuia sauti, wakapigwa risasi ya kisogo. Usiku mmoja waliuawa kama 250. Kulipokaribia kucha kazi ilikoma, na waliofanya kazi walipewa vodka. Tokarev alikumbuka kijana mmoja wa miaka 18, mtu wa simu katika walinzi wa mpaka. Alipoulizwa ametumika muda gani, kijana alihesabu miezi kwa vidole. Ilikuwa sita.

Alikumbuka vilevile usiku wa kwanza Blokhin alipovaa nguo zake za kazi: kofia ya ngozi ya kahawia, aproni ndefu ya ngozi ya kahawia, na glavu za ngozi zilizopita viwiko vya mikono. Sura ile ilimshtua. Alisema kwamba hapo ndipo alipomwona mchinjaji.

Nimelirudia neno hilo la Tokarev mara nyingi. Sina shaka kwamba alisema kweli. Mtu yeyote angaliogofywa. Lakini nani aliyekuwa akitazama? Alikuwa mkuu wa jumba lile. Vyumba vilikuwa vyake, walinzi wake, madereva wake, na funguo zilikuwa mikononi mwa watu waliomtii. Alijitetea kwamba hakupiga risasi hata moja, na huenda ni kweli pia. Alisimama katika sare safi ya kitambaa, akamwona mchinjaji katika aproni ya ngozi. Wala hakumwona mwingine, kwa kuwa mwingine hakuwa na damu katika nguo.

Hapa ndipo nionapo kwamba sisi tunaochukia makoti ya ngozi tumekosea shabaha kidogo. Tunadhani kazi ya vazi la kutisha ni kumtisha alitazamaye. Hiyo ni kazi yake ya nje, na ndiyo ndogo. Kazi yake kubwa ni ya ndani: humfariji alivaaye. Humwambia kwamba mkono huu si wako, ni wa dola. Aproni ya Blokhin ilizuia damu isifike mwilini. Sare ya Tokarev ilizuia kitu kingine kisifike mahali pengine, na kwa kazi hiyo kitambaa kilishinda ngozi. Wahenga wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Walisema hivyo kwa sababu mwenyewe huweza kuitaka wakati wowote. Dola huiazima nguo yake kwa moyo mkunjufu. Lakini hata Blokhin, aliyepanda hadi cheo cha jenerali, alivuliwa cheo hicho mwaka 1954, Stalin alipokwisha kufa na Beria kupigwa risasi, na mwaka uliofuata akafa.

Mtu atanipinga, na ni haki anipinge. Atasema: hakimu naye huvaa joho, daktari wa upasuaji huvaa glavu na kanzu, askari wa barabarani huvaa sare, kila mmoja wao hutenda jambo ambalo akiwa nyumbani kwake asingaliruhusiwa kulitenda. Daktari hupasua tumbo la mtu. Lau tendo lingekuwa daima la mtu binafsi, hakuna daktari angalithubutu. Je, tuvue nguo zote za kazi?

La, sisemi hivyo. Lakini tuangalie jina linakaa wapi. Hakimu akihukumu, hukumu hubeba jina lake, na mwenye kuhukumiwa huweza kukata rufaa dhidi yake. Daktari mgonjwa wake akifa huulizwa kwa jina. Vazi limempa idhini, lakini halikumfuta. Katika jumba la Kalinin mambo yalipinduka: aliyeulizwa jina ni yule wa kufa. Waliomwua hawakuulizwa na mtu. Majina yao yaliandikwa mara moja, tarehe 26 Oktoba 1940, katika amri ya siri ya Beria iliyotoa zawadi ya fedha kwa watu 125 waliotimiza "kazi maalumu". Dola ilijua sana nani alifanya nini ilipokuwa ikigawa rubo. Basi ule usemi kwamba tendo ni la sare tu, si la mtu, hata aliyeuamuru hakuuamini.

Aliyelichimba jambo hili kwa kujichimba mwenyewe ni Aleksandr Solzhenitsyn. Katika kitabu chake cha makambi, kilichoanza kutoka mwaka 1973, ana sura nzima juu ya maofisa wa rangi ya buluu. Mtu angalitazamia matusi, na matusi yamo. Lakini katikati yake mwandishi anasimama na kujitaja. Alipokuwa mwanafunzi katika Rostov, yeye na wenzake walishawishiwa wajiunge na shule za NKVD. Ngozi huvutwa ingali maji, na waliowafuata vijana wa chuo walilijua hilo. Walikataa, na yeye mwenyewe anakiri kwamba hawakukataa kwa hoja. Kitu fulani kifuani kiligoma tu. Kisha anajiuliza: je, kama wangalibanwa zaidi kidogo? Na anasimulia jambo la aibu. Februari 1945, akiwa kapteni wa mizinga, alikamatwa katika uwanja wa vita na nyota za mabegani zikang'olewa. Yeye na mahabusu wengine waliamriwa watembee kwa miguu, naye achukue sanduku lake lililotiwa karatasi za ushahidi juu yake. Akakataa. Alisema yeye ni ofisa. Sanduku alichukue Mjerumani aliyekuwamo katika safu. Na Mjerumani akalichukua, na alipochoka wakalichukua askari wenzake, wote wafungwa kama yeye.

Sare ilikwisha vuliwa, na bado alikuwa ameivaa. Mimi sijasoma maneno yaliyonitisha zaidi kuliko hayo, kwa sababu katika kabuti la ngozi sijioni, lakini katika sanduku lile najiona.

Na leo? Kabuti la ngozi limebaki katika filamu na majumba ya makumbusho. FSB, iliyopata jina hilo mwaka 1995, huadhimisha siku ya wafanyakazi wa usalama tarehe ile ile 20 Desemba, na baadhi yao hujiita wachekisti bila haya. Sanamu ya Dzerzhinsky iliyoondolewa mbele ya Lubyanka Agosti 1991 imepata mfano wake mdogo, uliosimamishwa Septemba 2023 katika makao ya upelelezi wa nje huko Moscow. Lakini waendapo kumkamata mtu, aghalabu maofisa huwa wamefunika nyuso kwa barakoa nyeusi. Mshikwa huonyeshwa katika televisheni uso wazi. Mshikaji ni macho mawili tu.

Husemwa kwamba barakoa humkinga ofisa na kisasi cha wahalifu, na katika nchi nyingine pia polisi huivaa kwa sababu hiyo. Na iwe hivyo. Mimi naona tofauti kati ya vazi lile la kale na hili. Koti la ngozi lilitembea mchana, likajionyesha. Mvaaji wake aliamini kwamba hakuna siku atakayoitwa kwa jina. Afunikaye uso hana imani hiyo. Amekwisha kubali, pasipo kusema, kwamba chini ya kitambaa yupo mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kutafutwa.

Miili ya Kalinin ilizikwa msituni karibu na kijiji cha Mednoye. Agosti 1991 wachimbaji waliyafunua mashimo, na kilichowajulisha ni akina nani waliolala humo kilikuwa sare: nguo za polisi wa Poland. Katika ukuta wa jumba lenyewe mjini palitundikwa baadaye vibao vya kuwakumbuka waliouawa ndani yake. Mwezi Mei 2020 vibao hivyo viling'olewa.