Kadari, Ada na Uhuru wa Visiwa

Michezo ya mikakati ya kompyuta, yaani ile inayomkabidhi mchezaji dola ili aiendeshe kwa karne kadhaa, apigane, afanye biashara na kutia saini mikataba, inarudisha swali ambalo wanazuoni wa tauhidi walilishughulikia zamani: jambo ambalo halikutokea lina hadhi gani? Mtengenezaji anapoamua kuwa jimbo hili laweza kujitenga na lile haliwezi, amekwisha kutoa hukumu ya kifalsafa, hata kama hukumu yenyewe imefichwa ndani ya programu.

Katika tauhidi ya Kiash'ari, iliyosomeshwa kwa vizazi na masheikh wa Kishafii wa Unguja, hukumu za akili ni tatu: wajibu, ambalo haliwezi kukosekana, muhali, ambalo haliwezi kuwapo, na jaizi, ambalo laweza kuwa na laweza lisiwe. Kando yake ipo hukumu ya ada, yaani mazoea ya namna mambo yanavyofuatana duniani, kama moto na kuungua. Kwa kuwa kiakili karibu kila tukio la siasa ni jaizi, uwezekano wa kihistoria ni suala la ada, na ada haijulikani ila kwa ushahidi.

Ushahidi huo ndio unaopuuzwa na michezo hiyo. Katika Civilization VI, Zanzibar ni mji-dola ambao hakuna mchezaji awezaye kuuongoza, na dola inayofaulu kuuweka chini ya ushawishi wake hutunukiwa karafuu na mdalasini, kana kwamba karafuu ni maumbile ya mji huo, ilhali mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yake yakapanuka zama za Sultani Seyyid Said kwa jasho la watumwa. Europa Universalis IV nayo huipa ardhi iliyotekwa miaka ya utengano, kwa kawaida 30, inayopungua kadiri muda unavyopita, kama homa inayoshuka yenyewe.

Harakati za Mwambao zinakipinga kipimo hicho. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulitawaliwa na Waingereza tangu 1895 kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na madai ya waliotaka pwani ijitawale au irejee kwa Sultani yaliegemea mkataba, wala hayakufifia kwa miaka, bali yalipamba moto kadiri uhuru wa Kenya ulivyokaribia. Tume ya James Robertson ilipendekeza mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na tarehe 8 Oktoba 1963 Sultani akaachia haki yake kwa makubaliano yaliyotiwa saini London, kwa ahadi zikiwemo za kulinda mahakama za kadhi. Kilichoyazima madai hayo ni saini za watu wanaojulikana kwa majina.

Visiwani kwenyewe mizani ilikuwa nyepesi zaidi. Katika uchaguzi wa Januari 1961, Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata viti 10 kati ya 22, kimojawapo, cha Chake Chake kisiwani Pemba, kwa tofauti ya kura moja. Zanzibar Nationalist Party (ZNP) ikapata 9 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3, na ZPPP ilipogawanyika pande zote mbili zikawa na 11. Kura ile moja ingaligeuka, ASP ingalibaki na 9, wapinzani wake wangalikuwa na wingi wa kuunda serikali, na uchaguzi wa marudio wa Juni, ulioandamana na ghasia zilizoua watu 68, usingalihitajika. Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 kituo cha polisi cha Ziwani kikavamiwa, na Mapinduzi yakaanza.

Muumini anaweza kuuliza kama hesabu hizi zinafaa, kwa kuwa hadithi iliyopokewa na Muslim inaonya dhidi ya kusema “lau” baada ya msiba. Hata hivyo Bukhari aliweka katika Sahihi yake mlango wa “lau” inayojuzu, na tofauti iko wazi: linalokatazwa ni majuto yanayoshindana na kadari, wala si kuchunguza sababu. Anayedai kuwa Mapinduzi hayakuepukika kabisa, sawa na anayedai kuwa dola iliyopata uhuru Desemba ingalidumu bila ya John Okello, aliyeongoza uvamizi ule, anaiondoa kasbu, yaani mtu kulichuma tendo lake na kuwajibika nalo. Na pasipo kasbu hakuna wa kuulizwa juu ya damu iliyomwagika Unguja.

Vijana wa Unguja wanaojifunza kuandika programu wautengeneze basi mchezo ambamo mipaka ya majimbo 31 ya uchaguzi wa 1963 ni uamuzi wa mtu, na kura moja ya Chake Chake ina uzito wake. Nyaraka ziko kwenye hifadhi ya Kilimani, Unguja, na baadhi ya waliopiga kura mwaka 1963 bado wako hai, waulizwe sasa.