Zilizomo Humo ni Amana

Mwanangu, nimesikia mteja wa laptopu yako anakuja Jumamosi, na kwamba picha na nyaraka zote umeshazifuta. Nistahimilie nirudie niliyokwisha kuwaambia kaka zako, maana nao walinijibu hivyohivyo: "Baba mkubwa, nimeshafuta."

Ukifuta faili, kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali lilipo, ikaiacha nafasi ile iandikwe kitu kingine siku za mbele. Mpaka siku hiyo ifike, faili mara nyingi lipo palepale kwenye diski, na mtu mwenye programu ya bure ya kurejesha faili anaweza kulitoa. Hata fundi akikuwekea Windows upya harakaharaka, mengi ya zamani huweza kubaki.

Mwaka 2003, watafiti wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza walichokikuta katika diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Zilizokuwa zikifanya kazi ni 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizosafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, habari za matibabu na barua pepe za watu. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamefomati, wakauza kwa moyo mweupe kama unavyotaka kufanya wewe.

Lakini hofu yangu si kadi yako ya benki. Mle ndani mna nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mama yako. Mna hati ya kiwanja ya shangazi yako, aliyekutumia umchapishie kwa kuwa yeye hana kompyuta. Mna vyeti vya kuzaliwa vya wanao. Mna kivinjari kinachokumbuka paswedi ya barua pepe yako, na mwenye barua pepe yako anaweza kubadili paswedi za akaunti zako nyingine. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya yake mwaka 2019. Hata zisingekuwepo, shangazi yako alikuamini, na amana haiuzwi pamoja na mashine.

Basi fanya hivi, taratibu. Kwanza, hamisha unavyovihitaji kwenye diski ya nje, kisha uvifungue kimoja kimoja uone vinafunguka. Wengi huruka hapo, wakaja kulia baadaye. Pili, ondoka kwenye akaunti zako zote: barua pepe, kivinjari, WhatsApp ya kompyuta.

Tatu, chomeka chaja. Yako ni ya Windows, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, sehemu ya urejeshaji, uchague kuirejesha upya. Itakuuliza kama ubakize faili au uondoe kila kitu: ondoa kila kitu. Usiishie hapo. Fungua mipangilio ya ziada uwashe usafishaji wa data, ili diski iandikwe upya juu ya yale ya zamani. Diski kubwa huchukua saa nyingi, basi anza jioni uiache ifanye kazi yake usiku. Kama ndani mna diski ya aina ya SSD, kuandika juu yake hakutoshi kuaminiwa, maana SSD huhamishahamisha data yenyewe. Kama toleo lako la Windows lina BitLocker, itumie kuisimba diski nzima kwanza, ndipo uirejeshe upya. Ufunguo ukishapotea, kilichobaki hakisomeki.

Dada yako anayetaka kutoa MacBook yake iwe zawadi, kazi yake ni nyepesi zaidi. Zenye chipu ya T2 au chipu za Apple zenyewe, tangu mfumo wa Monterey wa mwaka 2021, zina chaguo la kufuta maudhui na mipangilio yote. Ila ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake ya Apple. Asipotoka, mashine yaweza kumfungia aliyepewa, akabaki na zawadi asiyoweza kuitumia. Mpokeaji naye ana haki yake.

Na ile laptopu mbovu iliyolala kabatini, isiyowaka, usimpe fundi wa vipuri hivihivi. Kufa kwa mashine si kufa kwa diski. Chukua bisibisi, itoe diski, uihifadhi au uivunje kabisa.

Najua haya yanachosha, na mteja ana fedha mkononi. Mwambie aje Jumapili. Akiwa mnunuzi wa kweli atangoja siku moja, na asipongoja, mwache aende. Siri za shangazi yako zikishatoka humo hazina bei ya kuzirudisha. Fanya kazi hii usiku wa leo, mwanangu.