Jina la Mmoja na Jasho la Wengi

Jina ni heshima, lakini pia ni deni. Mtoto apewaye jina la babu yake hutazamiwa kufuata mwenendo wa babu. Uwanja hauna mwenendo. Basi ukipewa jina la mtu mkuu, deni la jina lile huwaangukia watu walio hai. Swali hustahili kuulizwa: kazi iliyofanywa kwa taabu ya maelfu ikiitwa kwa jina la mtu mmoja, haki imetimia?

Uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ni mfano wa swali hili. Ulifunguliwa Embakasi na Gavana Evelyn Baring mwezi wa Mei, 1958. Ulijengwa katika miaka ya Hali ya Hatari, na waliousawazisha ni wafungwa waliohesabiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, wakifanya kazi kwa kushurutishwa. Walitengeneza njia ya kurukia watu wengine. Njia yao wenyewe ilikuwa kutoka gerezani kwenda kazini, na kutoka kazini kurudi gerezani.

Wakati huo Jomo Kenyatta naye alikuwa mfungwa. Alikamatwa Oktoba, 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung katika jangwa la kaskazini. Aliachiliwa mwaka 1961, akawa Waziri Mkuu mwaka 1963 na Rais mwaka 1964. Alifariki Agosti 22, 1978, na uwanja ukapewa jina lake.

Mtetezi wa jina hilo ana hoja yenye uzito. Husema kwamba umma hauwezi kuandikwa wote juu ya mlango mmoja. Lazima mmoja asimame kwa niaba ya wengi. Tena, ni nani afaaye kuisimamia kazi ya wafungwa kuliko mfungwa? Gavana aliyeufungua uwanja alikwenda zake, na jina la aliyefungwa na serikali yake likabaki.

Lakini mwakilishi ni yule anayewakumbusha watu wale anaowawakilisha. Marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau mwaka 1950 haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Kwa miaka 25 jina la mfungwa mmoja lilitamkwa na wasafiri wa mataifa yote, hali chama cha wale waliochimba ardhi ile kilikuwa bado haramu katika sheria ya nchi iliyokwisha kuwa huru. Kenyatta mwenyewe aliwahimiza watu wasamehe na kusahau yaliyopita. Kusamehe ni fadhila kubwa, na mwenye fadhila hiyo ni aliyeumizwa. Kusahau ni jambo jingine: mtu hawezi kuamriwa kusahau kovu la mgongo wake.

Dawa yake si kulifuta jina. Kufuta jina moja hakuandiki hata moja katika yale yasiyoandikwa. Dawa ni kulipa deni: mtoto afundishwaye habari za mwenye jina afundishwe katika somo lilo hilo habari za wenye majembe. Muungwana ni vitendo, na taifa nalo hupimwa hivyo hivyo. Jina huonekana juu ya mlango. Mikono iliyoushika udongo imefichwa chini ya njia ya ndege, na kila ndege itokayo Embakasi huanza safari yake juu ya kazi ya mikono ile.